Majeneza Mawili Sebuleni

Zilikuja na Kenta saa nne za usiku, zimefungwa kamba na kufunikwa turubai. Mume wangu akaruka kutoka nyuma ya gari na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba wa baba yake, na mimi nikasimama mlangoni na kanga yangu nikihesabu vijana wanaoshusha. Sita. Vijana sita kwa vitu viwili! Jirani yetu akachungulia dirishani, kisha akazima taa. Kesho yake alfajiri akaja kunipa pole. Alidhani tumeletewa majeneza.

Jina likashika hapohapo.

Tuelewane kwanza, msomaji. Sizungumzii spika hizi za kuweka pembeni ya televisheni. Kila boksi lina urefu unaozidi mita moja, upana wa sentimita 76 na kina cha sentimita 61. Chini kuna wufa ya inchi 15 iliyojificha ndani ya mdomo wa mbao uliopinda kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, na juu kabisa imekaa honi ya chuma, nyeusi, imeachama utadhani inataka kukumeza. Rangi ilikuwa imebanduka, pembe zimegongwagongwa. Sebule yetu hapa Bahi ni ya nyumba ya kupanga. Ilibidi meza ya chakula ihamie koridoni.

"Hizi ni za baba," mume wangu akasema. Akaishia hapo, kana kwamba hiyo ni hoja.

Na kweli ilikuwa hoja, ndiyo maana nilikosa la kujibu. Baba mkwe alifariki mwaka 2021 kwao Kintinku, mbele yetu kidogo kwenye reli ya kati. Baada ya arobaini ndugu wakakaa kugawana. Kaka wakubwa wakachukua ng'ombe na majaruba ya mpunga. Mume wangu, kitinda mimba, akaomba spika tu. Mzee alikuwa akipiga muziki wa santuri na kaseti kwenye harusi na ngoma za baada ya mavuno miaka ya themanini, anasafiri na vyombo vyake kwa treni: Kigwe, Bahi, Makutupora, Saranda, mpaka Manyoni. Spika alizipata kwenye ukumbi mmoja wa sinema uliofungwa. Umbo lake ni lile la spika ambazo kampuni ya Altec Lansing ya Marekani ilizitoa mwaka 1945 kwa ajili ya kumbi za sinema, zikaigwa dunia nzima.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia sekondari, kwa hiyo usiku ule nilipata na somo la bure. Wakati wa mzee, anasema, amplifaya kubwa ilikuwa anasa, na huku kwetu umeme wenyewe ulikuwa wa betri ya gari au jenereta ndogo. Honi ndiyo ilikuwa akili ya maskini. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja, ukasimama mita moja mbele yake, utapata kama desibeli 85 hadi 90. Ya honi inafika karibu 100. Sasa kila desibeli 10 zinadai nguvu mara kumi, kwa hiyo pale mwenzako anapohitaji wati kumi, wewe mwenye honi unafika kwa moja. Ni kanuni ileile ya mtu anayezungushia mikono mdomoni akimwita mtoto aliyeko ng'ambo ya bonde.

Nikamwambia asante mwalimu, mtoto wetu atalala wapi?

Mwezi uliofuata ndipo nikaona taarifa ya benki. Tulikuwa na akaunti ya pamoja, akiba ya kiwanja Dodoma mjini. Mnajua wenyewe viwanja vya Dodoma vilivyopanda tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016. Kila mwezi tunaweka, kila mwezi kiwanja kinatukimbia. Kwenye ile taarifa zilikosekana shilingi 450,000. Alimlipa fundi wa mjini abadilishe kapasita za krosova, kile kisanduku kinachogawa sauti nzito ziende kwenye wufa na nyembamba ziende kwenye honi, pamoja na dayaframu moja iliyopasuka. Hakuniambia.

Sikulia kwa sababu ya hela. Mimi ni mhasibu, hela ninajua kuzihesabu na kuzisamehe. Niliumia kwamba mwanaume ambaye huniuliza hata kama anunue kilo moja ya nyama au nusu, hili alilificha. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nilijua ungekataa." Ni kweli ningekataa! Tukalala mgongo kwa mgongo wiki nzima.

Baadaye akaja na simu, ananionyesha picha. Mmarekani anaitwa Paul Klipsch alianza mwaka 1946 kutengeneza spika za honi za kukaa kwenye pembe ya sebule, kubwa kama kabati. Kwa hiyo wazimu huu haukuanzia Bahi. Lakini kilichonivuta mimi kwenye ile picha kilikuwa ngozi yake. Mbao ya kahawia, mistari imepanda juu kama moshi, inang'aa kwa upole. Nikajua palepale kwamba ile si mbao nzima. Ni vinia.

Hapa inabidi nikiri kitu. Baba yangu ni seremala. Mume wangu analijua hilo, alitoa mahari mbele ya karakana. Asichokijua ni kwamba mpaka nafika kidato cha nne nilikuwa nashinda kwenye maranda, nashika randa, nashika patasi, napiga msasa milango ya watu. Nilipofika chuo nikafuga kucha na kuacha kusema habari hizo. Si unajua tena, wasichana wenzangu baba zao walikuwa mameneja. Miaka sita ya ndoa mume wangu alikuwa anamlipa fundi kunyoosha mlango wa kabati na mimi nimekaa pembeni nimenyamaza, naona kabisa bawaba imefungwa vibaya.

Agosti 2022 akaitwa semina ya siku tano Morogoro. Nikasema sasa. Nitamfanyia sapraizi, nitamaliza ugomvi, na nitapata sebule ninayoweza kumkaribisha bosi wangu.

Kwa wale wasiojua, vinia ni ganda jembamba la mbao halisi, hata milimita moja halifiki, ambalo unalibandika juu ya mbao ya bei ndogo. Niliagiza ya mninga kutoka Keko, Dar es Salaam, ikaja na basi imeviringishwa kama mkeka. Nikamtuma mtoto kwa bibi yake mjini, maana rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Nikafunga kitambaa puani, nikalowesha msasa, nikaanza na boksi la kushoto uani. Msasa mkali namba 80, kisha 120, mpaka plaiwudi ikatoka nyeupe. Mashimo nikaziba kwa puti. Nilikuwa naimba, jamani. Mikono ilikuwa inakumbuka kila kitu.

Ubavuni mwa lile boksi kulikuwa na herufi mbili za rangi nyeupe, zimeandikwa kwa brashi, na mwaka 1983. Nilizipita na msasa bila hata kusimama.

Sina mashine ya kugandamiza, kwa hiyo nilitumia njia ya baba. Unapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye boksi, unapaka na mgongoni mwa vinia, unaziacha zote zikauke mpaka gundi igeuke kioo. Kisha unalaza vinia mahali pake, unaweka karatasi juu, unapitisha pasi kavu yenye moto wa nguo za pamba. Gundi inayeyuka upya na kushika. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya ubavu, nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani, yuleyule wa pole. Kwenye mashavu yaliyopinda nikasimamisha mistari ya mbao wima, maana vinia hukubali kujikunja upande mmoja tu, ukilazimisha upande wa pili inavunjika kama papadi. Nikaacha sentimita mbili zikining'inia kila ukingo, nikakata kwa wembe. Siku ya nne jioni nikapaka vanishi. Boksi likawaka. Nikapiga picha thelathini.

Akarudi Ijumaa. Akaweka begi chini, akaliona, akatabasamu, akalizunguka. Akafika ubavuni. Akapitisha kiganja pale palipokuwa na herufi, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Jina la baba liko wapi?"

Basi. Hakufoka. Ningependa angefoka. Akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka saa sita usiku, na mimi nikabaki ndani na kucha zimejaa gundi, nikielewa kwamba 450,000 inarudishwa lakini kile nilichokifanya hakirudishwi na benki yoyote. Yeye alichukua hela bila kuniuliza kwa sababu alijua ningekataa. Mimi nilichukua msasa bila kumuuliza kwa sababu hiyohiyo, kama nitasema ukweli wote. Neno sapraizi lilinisaidia tu kujificha.

Na kama vile hiyo haitoshi, ndani ya wiki mbili maungio ya vinia yakaanza kuachana. Mstari mweusi ukatokea katikati ya ubavu, wa kuingiza ukucha. Sababu ninaijua na baba angenizaba kofi. Mbao ni kitu hai hata ikikatwa, inavuta unyevu na kuutema, na inapotema inasinyaa kwa upana wake. Vinia ile ilitoka pwani kwenye joto la kulowa, ikaja Bahi mwezi wa nane, upepo mkavu unaopasua hadi midomo. Ilitakiwa ipumzike kwanza wiki mbili ikizoee hewa ya huku. Mimi nilikuwa na siku tano, basi nikaibandika na unyevu wa Dar.

Tuliishi hivyo miezi saba. Jeneza moja la mninga lenye mpasuko, jeneza moja jeusi. Wageni walikuwa wanauliza, tunajibu kwa pamoja, "Bado tunaendelea," na ilikuwa karibu sentensi pekee tuliyokuwa tunasema kwa pamoja.

Nilichokosea kingine ni kuongea sana. Niliomba msamaha kila siku mpaka msamaha ukawa kero. Baba yangu ndiye aliyeniambia kwa simu, "Mwache. Gundi haikauki kwa kuitazama." (Mzee wangu kila kitu ni gundi.)

Machi 2023, mvua zinaelekea mwishoni, nikarudi kazini nikakuta lile boksi jeusi limetolewa uani na mume wangu amelipigia magoti, mfuniko wa nyuma ameufungua. Akaniita kwa mkono bila kugeuka. Ndani ya ule mfuniko, upande ambao hakuna mtu anauona, mzee alikuwa ameandika kwa penseli. Safu ndefu. Jina la kituo, tarehe, kiasi alicholipwa. Saranda, kalipwa nusu. Manyoni, kalipwa kuku. Mahali pamoja ameandika "mvua" tu. Tulikaa chini tukasoma yote mpaka giza likaingia, tukamalizia na tochi ya simu.

"Hapa ndani usiguse," akasema.

"Siguzi."

"Huku nje nifundishe."

Nikamfundisha. Mwanafizikia hajui kushika msasa, anausukuma kama anafuta ubao! Nikamwonyesha kufuata mistari ya mbao, kwamba ukikata mkwaruzo kwa kukingama hautauona leo, utauona siku ya vanishi. Vinia ya awamu hii tuliiweka kati ya mbao mbili na kuilaza chini ya godoro letu majuma mawili. Tulilala juu ya mninga, na nitasema tu kwamba mgongo kwa mgongo iliisha katika kipindi hicho, mengine ni ya kwetu. Boksi la kwanza tukalibandua ule ubavu uliopasuka, kwa pasi hiyohiyo, unapasha moto na kuinua taratibu kwa kisu butu. Vipovu viwili vilivyojitokeza kwenye shavu tukavichana kwa wembe kufuata mstari, tukasukumia gundi, tukapiga pasi. Vanishi mikono mitatu, myembamba, na msasa laini namba 320 katikati.

Juu ya lile la pili tukaongeza na vya ndani. Ubao wa kukinga kati ya mbavu mbili, maana plaiwudi pana namna ile hutetemeka na kuimba wimbo wake mwenyewe. Honi ya chuma ukiigonga ililia kama kengele ya shule, tukaibandika mgongoni vipande vya lami ya kuezekea, ikanyamaza. Nyuma ya mfuniko tukaweka mpira mwembamba kuzuia upepo kupenya.

Tukawasha. Alipiga Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003, yule aliyefika mpaka studio za Peter Gabriel kule Uingereza na zeze na malimba yake. Vile vyuma vya malimba vikatua sebuleni kimoja kimoja, unaweza kuvihesabu. Nikasisimka. Lakini kuna kitu.

"Mbona besi hamna?" nikauliza.

"Ipo."

"Nikikaa kwenye kochi haipo. Nikienda jikoni ipo."

Akanyamaza. Baadaye akanikiri kwamba tangu siku fundi alipozirudisha alikuwa amehisi hivyohivyo, ila baada ya 450,000 na baada ya kununa kwangu, asingeweza kusema kwamba hazisikiki vizuri. Akajilazimisha kuzipenda. Fikiria, miezi yote ile mtu anajidanganya peke yake sebuleni kwake.

Akachukua betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Akachomoa waya, akagusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye wufa moja, sekunde moja tu. Ile karatasi ya wufa ikasogea mbele. Akaenda kwenye ya pili. Ikarudi nyuma. (Kwenye honi usijaribu mchezo huu, dayaframu yake ni laini, utaiua.) Fundi alikuwa ameunga waya za boksi moja kinyume. Moja inaposukuma hewa, nyenzake inaivuta, na sauti nzito zinauana katikati, pale hasa ulipoweka kochi. Mwalimu wa fizikia alikaa chini akashika kichwa. Nikacheka mpaka nikatoa machozi, naye akaanza.

Akageuza waya mbili. Dakika moja. Akawasha tena.

Siwezi kuwaelezea. Sakafu ilijua. Mume wangu alisimama katikati ya chumba macho amefumba, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo hii. Hii ndiyo nilikuwa nailalia nyuma ya jukwaa."

Juni, mpunga umeshavunwa, mama mkwe akaja kututembelea na debe la uwele na mlenda mkavu. Siku tatu kabla sikulala. Kitu cha marehemu mumewe nimekipaka rangi ya kwangu, nitamwambia nini? Akaingia, nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaketi, macho yakaenda moja kwa moja kwenye pembe ya sebule. Akainuka na fimbo yake, akapapasa ule ubavu. Mume wangu akaona ni bora aseme yeye.

"Mama, herufi za baba zilifutika. Bahati mbaya."

"Herufi gani?"

"Zile nyeupe. Jina lake, alizoandika mwaka themanini na tatu."

Bibi akamwangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya maji ya mvua. "Zile? Zile si za mzigo? Spika zilipotelea Manyoni kwenye behewa, tukazitafuta wiki nzima. Ndiyo mchukuzi wa stesheni akaziandika ili zisipotee tena. Baba yenu hata brashi alikuwa hajui kushika."

Mume wangu akasema anaenda nje kuangalia mbuzi. Hatufugi mbuzi. Nikamwacha akae huko muda wake, nikamletea mama maji ya kunawa na chai.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini anacheka. Akamfungulia mama yake ule mfuniko wa nyuma, akamsomea vituo kimoja kimoja, na pale palipoandikwa "mvua" mama akasema hiyo siku anaikumbuka, ila hakutuambia zaidi. Kisha akawasha muziki, akaongeza sauti kidogo, tena kidogo, anamtazama usoni mama yake akisubiri.

Mama akasikiliza wimbo wote, mkono umekaa juu ya boksi. Ulipoisha akamgeukia.

"Punguza, baba. Hata yeye nilikuwa namwambia hivihivi kila siku."